Boti za starehe wakati wa korona: kwa nini injini ilikatazwa na kasia likaruhusiwa

Aprili 2020, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, mtu aliruhusiwa kuingia ziwani kwa mtumbwi wa kasia, akavua samaki wake na kurudi nyumbani bila kuulizwa na yeyote. Jirani yake mwenye boti ya injini, hata akiwa peke yake, ziwa lile lile na saa ile ile, alikuwa anavunja amri. Watu wengi kule walikasirika. Walisema kirusi hakijui tofauti ya kasia na injini.

Ni kweli hakijui. Lakini amri ile haikutungwa kwa sababu ya kinachotokea mtu akiwa katikati ya maji. Katika makala haya tunaeleza ilitungwa kwa sababu gani, wapi ilikuwa na mantiki na wapi ilichechemea, na nini kilitokea boti ziliporuhusiwa tena. Tumeichagua habari hii kwa sababu wengi wenu mnaishi kando ya maji, na siku moja tangazo la namna hiyo huenda likasomwa redioni kuhusu ziwa lenu.

Maziwa Makuu, lakini si haya ya kwetu

Wasikilizaji wa Mwanza, Kisumu au Kigoma wakisikia "Maziwa Makuu" hufikiria Victoria, Tanganyika na Nyasa. Amerika Kaskazini nako kuna Maziwa Makuu, matano, kati ya Marekani na Kanada. Kubwa kuliko yote ni Superior, lenye kilomita za mraba 82,000 hivi, na miongoni mwa maziwa yasiyo na chumvi duniani linalolifuata kwa ukubwa wa eneo ni Victoria letu. Jimbo la Michigan linagusa manne kati ya hayo matano, na ndani ya jimbo kuna maziwa madogo zaidi ya 11,000.

Kwa hiyo boti kule si mali ya matajiri peke yao. Jimbo lina watu milioni 10 hivi, na boti zilizosajiliwa zinakaribia 800,000. Fundi wa magari anayo, mwalimu mstaafu anayo. Nyingi ni ndogo, za injini moja ya nyuma, na huvutwa kwa trela nyuma ya gari hadi kwenye teremko la saruji linaloshuka majini. Mtu hurudisha gari nyuma, trela inazama kidogo, boti inaelea. Tafadhali likumbukeni teremko hilo, maana ugomvi mzima ulianzia pale.

Jambo jingine ni majira. Wakati wa baridi kali maziwa madogo ya Michigan huganda. Boti hutolewa majini kabla ya hapo, hufunikwa turubai na kuwekwa bandani miezi kadhaa. Aprili ndipo turubai linapofunuliwa, mafundi wa injini wanapata kazi, wauza chambo wanafungua maduka, na wenye magati wanarudisha ngazi zao majini. Msimu wenyewe ni mfupi. Amri ilifika wakati huo huo.

Amri yenyewe

Gavana Gretchen Whitmer alitoa amri ya kwanza ya watu kubaki nyumbani, nayo ikaanza kutumika Machi 24, 2020. Aprili 9 akatoa nyingine kali zaidi, iliyopewa namba 2020-42. Wakati huo waliokufa kwa korona jimboni walikuwa wanakaribia au wamefikia 1,000, wengi wao katika jiji la Detroit na maeneo yanayolizunguka.

Amri ilimruhusu mtu kutoka nje kufanya mazoezi ya mwili, mradi akae umbali wa futi 6, yaani karibu mita 2, na watu wasio wa nyumba yake. Ikatoa mifano: kutembea, kukimbia, kuendesha baiskeli, kupiga kasia kwenye kayaki au mtumbwi. Boti ya injini haikuwa kwenye orodha hiyo. Serikali ya jimbo ikafafanua kwamba kasia na tanga ni ruhusa, ila boti ya injini na pikipiki ya majini ni marufuku. Amri hiyo hiyo ilikataza watu kusafiri kati ya nyumba zao mbili, na hiki ndicho kifungu kinachotusaidia kuelewa habari ya boti. Wakazi wengi wa kusini, kulikokuwa na ugonjwa, wana nyumba za mapumziko kaskazini, kando ya maziwa, ambako hospitali ni chache na ndogo.

Sasa fuateni safari ya boti moja ya injini. Inatoka Detroit nyuma ya gari. Inasimama kituo cha mafuta. Inasimama tena duka la chambo na barafu. Inafika kwenye teremko, ambako kuna foleni ya magari 20 yenye trela, na watu wanasaidiana kushika kamba. Spea imekosekana, mtu anaenda kwa fundi. Jioni anahitaji mafuta tena, pampu ni moja gatini, na kila mkono unashika mpini ule ule. Ofisi ya maliasili ya jimbo ilieleza hivyo: penye mafuta, vipuri na matengenezo ndipo watu hukutana, na wanaotoka penye ugonjwa mwingi huupeleka penye mchache.

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, lakini ilikuwa na matundu pia. Mwenye kayaki naye huendesha gari na kujaza mafuta njiani. Na yule anayeishi kandoni mwa ziwa, boti yake imefungwa gatini kwake na dumu la petroli liko stoo, hakutani na mtu yeyote. Kwa nini naye akatazwe?

Jibu tunaloliona sisi ni la utekelezaji. Polisi akisimama ufukweni hawezi kujua boti inayokatiza ziwani imetoka gati la jirani au imevutwa kilomita 300. Injini huonekana na kusikika kutoka mbali. Historia ya safari haionekani. Amri rahisi kusimamia mara nyingi humkamata pia asiye na hatia. Serikali inaweza kuamua kwamba gharama hiyo inavumilika, lakini basi iseme hivyo waziwazi. Michigan haikusema hivyo mapema, na ndiyo maana hoja ya "kirusi na injini" ikashika.

Upande wa pili: nani atakuokoa?

Kuna sababu nyingine ya kuzuia boti wakati wa mlipuko, na kwa maoni yetu ni nzito kuliko ile ya pampu ya mafuta. Ni habari ya mwokoaji.

Mtu akizama, hakuna umbali wa mita 2. Unamshika kwapani, unamvuta juu, anakutapikia maji. Kama amekata pumzi, kumminya kifua peke yake hakutoshi, kwa sababu aliyezama amekosa hewa, anahitaji kupuliziwa. Fikirini kazi hiyo katika mwezi ambao kila mtu anaambiwa avae barakoa na asimkaribie mwenzake. Waokoaji wakishambuliwa na ugonjwa, au wakilazimika kujitenga siku 14, kituo chenye watu wachache kinabaki bila mtu. Na anayeokolewa hupelekwa hospitali ile ile ambayo vitanda vyake vinahitajika kwa wagonjwa wa mapafu.

Ukiitazama amri ya Michigan kwa jicho hili, inageuka kichwa chini. Maji ya maziwa yale mwezi Aprili ni nyuzi chache tu juu ya barafu. Mtu akianguka ndani yake, dakika ya kwanza anavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama kichwa kiko chini anavuta maji. Baada ya dakika 10 hivi vidole havishiki tena kamba. Na kati ya vyombo viwili, kinachopinduka kwa urahisi ni kayaki, si boti pana ya injini. Kwa hiyo Michigan iliruhusu chombo chenye hatari zaidi kwa mpandaji na kukataza kile chenye hatari ndogo. Hilo linaonyesha wazi kwamba walichokuwa wanakizuia ni msongamano wa barabarani na magatini, wala si kuzama.

New Zealand ilichukua njia nyingine. Nchi hiyo ya visiwa ilifungwa usiku wa Machi 25, 2020. Aprili 3 mkurugenzi mkuu wa afya, Ashley Bloomfield, alitoa amri iliyotaja michezo ya majini kwa jina: kuogelea, kuteleza juu ya mawimbi, boti. Vyote vilikatazwa, kasia kwa injini bila ubaguzi, pamoja na uwindaji na safari za porini. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kwamba mazoezi ya nje yasimweke mtu hatarini wala kuhitaji kikosi cha kutafuta na kuokoa. Nchi ilipolegeza masharti mwishoni mwa Aprili, watu waliruhusiwa kuvua samaki wakiwa wamesimama ufukweni, lakini boti za starehe zilisubiri hadi katikati ya Mei.

Amri hii ilikuwa kali kuliko ya Michigan, lakini mtu aliweza kumweleza mtoto wake kwa sentensi moja. Usiende mahali ambapo mwingine atalazimika kuja kukuchukua.

Ugomvi wa Michigan ulivyoendelea

Aprili 15, maelfu ya watu walijaza mitaa ya Lansing, makao makuu ya jimbo, wengi wakiwa ndani ya magari yao, kuipinga amri. Malalamiko yalikuwa mengi: kazi zilizofungwa, sehemu za mbegu na rangi zilizozungushiwa utepe katika maduka makubwa, na boti. Masherifu wa wilaya nne za kaskazini-magharibi, Leelanau, Benzie, Manistee na Mason, wakatangaza kwa pamoja kwamba hawatazisimamia amri za gavana kwa ukali wote. Waliotakiwa kusimamia amri wakisema hivyo, amri inabaki karatasi.

Aprili 24 gavana akaondoa marufuku ya boti za injini kwa amri mpya, 2020-59. Kesho yake, Jumamosi ya mwisho ya Aprili, ndiyo siku ambayo kwa desturi msimu wa kuvua samaki aina ya trauti hufunguliwa jimboni. Marufuku ilikuwa imedumu siku 15 tu, ila kelele zake hazikuishia hapo. Mwezi uliofuata, mwenye kampuni ya magati kaskazini mwa jimbo alieleza kwamba mume wa gavana aliuliza kama kuwa mume wa gavana kungeharakisha boti yake kuingizwa majini. Gavana alikiri kwamba mumewe alisema hivyo, akaeleza kuwa ulikuwa utani uliokwenda vibaya. Huenda ulikuwa utani. Lakini kwa mtu aliyekaa nyumbani wiki tano akiitazama boti yake chini ya turubai, utani huo hauchekeshi.

Oktoba 2, 2020, mahakama kuu kuliko zote ya jimbo iliamua kwamba gavana hakuwa na mamlaka ya kuendeleza hali ya dharura baada ya Aprili 30 bila idhini ya bunge. Marufuku ya boti ilikuwa imekwisha kabla ya tarehe hiyo. New Zealand nako mambo yalifika mahakamani. Agosti 2020 majaji walisema kuwaambia watu wabaki nyumbani katika siku tisa za mwanzo, kabla ya ile amri ya Aprili 3, kulikuwa na sababu nzuri lakini hakukuwa na msingi wa kisheria. Serikali ilikuwa imetangaza kwa mdomo kabla ya kuandika.

Uingereza tutaipitia haraka. England ilifungwa Machi 23 na michezo ya majini ikaruhusiwa tena Mei 13. Kinachovutia ni watu wanaoishi ndani ya boti kwenye mifereji. Wasio na maegesho ya kudumu kwa kawaida hutakiwa kuhama kila baada ya siku 14, na sasa serikali inasema kila mtu abaki alipo. Shirika linalosimamia mifereji likasimamisha sharti la kuhama, watu wakaruhusiwa kusogea kufuata maji ya kunywa na kumwaga vyoo.

Kwetu starehe ni ya abiria, si ya nahodha

Kenya ilitangaza kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri kuanzia Machi 27, 2020. Wiki mbili baadaye watu walizuiwa kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Kafyu haikuwa na neno juu ya kasia au injini, lakini mnajua wenyewe: dagaa, au omena kama wanavyoitwa Kisumu, hufuatwa usiku kwa taa. Anayetakiwa kuwa ndani saa moja jioni hana usiku wa kuvua.

Boti za kutembeza wageni zilisimama hata kabla ya amri yoyote ya majini. Ndege za abiria kutoka nje zilisitishwa mwishoni mwa Machi na kurudi Agosti 1. Nahodha wa Watamu au Diani anayewapeleka watu kuona matumbawe hakuhitaji kukatazwa. Hakuwa na mtu wa kumpeleka. Hapa ndipo neno "starehe" linapokuwa gumu. Safari ile ile ni starehe kwa anayelipa na unga kwa anayeshika usukani. Michigan nako fundi wa injini na muuza chambo walikuwa katika hali hiyo hiyo. Amri inayosema "starehe imefungwa" inafunga kazi za watu ambao hawastarehe hata kidogo, na mara nyingi ni watu wasio na mshahara wa mwezi.

Boti ziliporudi

Majira ya joto ya 2020 Wamarekani walikimbilia majini. Sinema zilifungwa na ndege ziliogopwa, lakini boti ilionekana mahali salama pa familia. Boti mpya za injini zaidi ya 310,000 ziliuzwa mwaka huo, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 2008. Wengi walikuwa wanashika usukani kwa mara ya kwanza.

Takwimu za Walinzi wa Pwani wa Marekani zinaonyesha kilichofuata. Mwaka 2019 watu 613 walikufa katika ajali za boti za starehe. Mwaka 2020 walikuwa 767, ongezeko la asilimia 25. Kati ya waliojulikana sababu ya kifo, robo tatu walizama, na kati ya waliozama asilimia 86 hawakuwa wamevaa jaketi la kujiokoa. Pombe ndiyo iliyoongoza miongoni mwa sababu zilizotambuliwa za ajali za vifo.

Tunazitaja namba hizi kwa sababu mjadala wote wa Aprili ulikuwa juu ya kirusi, na hakuna aliyekuwa na muda wa kuzungumzia maji. Amri ilipoondolewa, watu walisikia kwamba hatari imekwisha. Kumbe iliyokuwa imelegezwa ni moja, na nyingine ilikuwa inawasubiri pale pale kwenye teremko.

Ikitokea kwetu

Tangazo likija kwamba ziwa au pwani imefungwa, sikilizeni vizuri linazuia nini hasa: chombo, idadi ya abiria, saa za usiku, au mwalo wa kutua. Ni mambo tofauti. Ukiwa mvuvi, uliza kama chakula kimetengwa na starehe, na kama unahitaji kibali, ni nani anakitoa. Viongozi wa mwalo wanaweza kupunguza msongamano bila kusubiri wilaya, kwa kupanga zamu za kutua na kuweka maji na sabuni penye mizani na penye mafuta, kwa sababu hapo ndipo mikono inapokutana.

Ukiruhusiwa kuingia majini, nenda na watu wa nyumba yako tu. Jaketi livaliwe mwilini; lililokaliwa kama mto halitakufikia chombo kikipinduka. Funga simu ndani ya mifuko miwili ya plastiki na uache ujumbe nchi kavu kuhusu unakokwenda na saa ya kurudi. Kwetu mara nyingi mwokoaji ni mvuvi mwenzako aliyekuwa anapita, bila glavu wala kifaa cha kupulizia. Kama kuna mwenye homa au kikohozi ndani ya chombo chako, mpigie kelele umwambie kabla hajafunga kamba yake kwenye yako, apate nafasi ya kuziba pua na mdomo hata kwa kanga.